Koili ya Nyamizi na Pilau ya Mheshimiwa

Ipo nchi, wala haiko mbali kama mngependa iwe, inayoitwa Jamhuri ya Heko. Mimi ni karani wake wa kumbukumbu za vikao, na nimekula kiapo cha kuandika kila wanachosema wakubwa bila kucheka. Miaka ishirini na sita sijacheka. Siku hizi kinachonisumbua ni kichefuchefu, na daktari wa wizara ameniambia kwamba kichefuchefu hakikutajwa kwenye kiapo, kwa hiyo niendelee na kazi.

Nchi yetu ina bahati. Tuna Wizara ya Barabara Zinazokuja, tuna Wizara ya Maji Yaliyoahidiwa, na tangu mwaka jana tuna Wizara ya Mabaki na Taka za Thamani, chini ya Mheshimiwa Profesa Evodi Ngwengwe, mtu mnene, mpole, anayependa kula kwa wakati. Uprofesa alitunukiwa na chuo ambacho alikizindua yeye mwenyewe asubuhi ya siku hiyohiyo. Kwetu kitu kisichozinduliwa hakipo, hata kama unakigusa kwa mkono. Kuna daraja ambalo watu wamepita juu yake miaka minne, na kwenye ramani ya serikali pale bado pameandikwa mto.

Haya ninayotaka kuyasema yalianza bondeni, wilaya ya Lukolongo. Zahanati iko chini bondeni na hospitali iko juu mlimani, kilomita arobaini za kupanda tu. Aliyepanga hivyo alipewa nishani.

Huko alikuwako fundi mmoja, Nyamizi Lutego, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vya mtu aliyeshinda chini ya magari tangu ujana wake. Mdogo wake, Kalunde, alipoteza mtoto wake wa kwanza barabarani mwaka juzi, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na dizeli. Dizeli ya wilaya hupitia kwanza kwenye magari ya semina, na mwaka ule semina zilikuwa nyingi, karibu zote zikihusu afya ya mama na mtoto.

Kalunde aliposhika mimba ya pili, Nyamizi hakwenda kulia ofisini kwa mtu. Alilichukua gari lilelile bovu la zahanati, akalifunga mitungi minne ya hewa iliyoshindiliwa na mota inayozungushwa na hewa hiyo. Kisha akaweka injini ndogo ya dizeli iliyotoka kwenye mashine ya kusaga, ambayo kazi yake ilikuwa kuendesha kompresa na kuijaza mitungi. Dizeli iliyokuwa ikiisha kwa safari moja sasa ilitosha safari tano.

Shida ilikuwa moja. Hewa ikitoka mtungini kwa kasi hupoa mno, na gari likipanda mlima mota ilikuwa ikiganda barafu, jua la saa saba likiwaka utosini. Gari linasimama, na mgonjwa ndani anasimama nalo. Nyamizi akakaa siku mbili akiutazama moshi wa ile injini ndogo, akiweka kiganja karibu na bomba na kukiondoa. Joto lote lile lilikuwa likienda kuwapasha moto kunguru. Akachukua mrija wa shaba, akauzungusha mara thelathini kwenye bomba la ekzosi, akaufunika kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, kisha akaipitisha humo hewa ya mtungini kabla haijafika kwenye mota. Koili ile ikalirudisha kazini joto lililokuwa likitupwa. Hewa ikapata moto, ikatanuka, ikasukuma kwa nguvu, na barafu ikakoma. Gari likapanda kilomita arobaini bila kusimama.

Nililiona kwa macho yangu. Lilifanya kazi, na katika Jamhuri ya Heko hilo ni kosa kubwa, maana linawafanya watu waulize mengine mbona hayafanyi.

Habari ilipofika mji mkuu, iliundwa Tume ya Taifa ya Joto Lililopotea, yenye wajumbe kumi na mmoja, nami nikiwa katibu na karani. Tulikwenda Lukolongo kwa magari tisa, injini zikiunguruma muda wote wa kikao ili viyoyozi visizimike. Wagonjwa waliondolewa kwenye mabenchi ya zahanati tukakaa sisi. Mama mmoja mwenye homa alikataa kuinuka, ikabidi ateuliwe kuwa mwalikwa maalumu.

"Binti," alianza Mheshimiwa, "hili joto umelitoa wapi?"

"Kwenye ekzosi, Mheshimiwa. Lilikuwa linatupwa bure."

"Linatupwa." Mheshimiwa alimgeukia mwanasheria wa tume, Wakili Sifuni, kijana mwenye sauti nyembamba na suti nzito. "Wakili, kitu kinachotupwa kisheria ni nini?"

"Ni taka, Mheshimiwa."

"Na taka ni mali ya nani?"

"Ya Jamhuri, Mheshimiwa. Kifungu cha nne."

"Kwa hiyo huyu binti amekuwa akitumia mali ya Jamhuri mchana kweupe."

"Bila kibali, Mheshimiwa."

Nyamizi alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani kati yetu atakayecheka ili naye acheke. Hakumpata. "Mheshimiwa, ni joto tu," akasema. "Nisipolichukua linaondoka. Na mdogo wangu amebakiza wiki tano."

"Taratibu zetu hazizidi wiki tano," alisema Mheshimiwa kwa upole, na wajumbe tukapiga makofi.

Uamuzi wa tume niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri. Moshi wote wa gari la wagonjwa ukusanywe kwenye viroba, upelekwe jalala la wilaya, upimwe, uandikishwe kuwa taka halali, ndipo joto lake lirudishwe kwa mtumiaji. Nanyi mnaosoma msidhani nawatania. Dereva wa zahanati, Mabruki, mtu wa makamo mwenye subira ya ajabu, alikuwa akifunga kiroba cha plastiki kwenye bomba, anasubiri kijae, anakikaza kwa kamba, kisha anakibeba begani hadi jalalani akikohoa. Mkuu wa jalala alikuwa akikiweka kwenye mizani. Mizani ilisoma sifuri. Siku ya tatu akaandika barua kwamba moshi unaibwa njiani, na Mabruki akaitwa kuhojiwa.

"Mzee karani," Mabruki aliniuliza pembeni, "hiki kiroba nikikirudisha kimeshapoa. Joto lenyewe niliandikishe lipi?"

Nilimwambia aandike kama alivyoelekezwa. Akanitazama kidogo, akaenda zake na kiroba chake. Najua ile namna ya kutazama, nimeiona sana kazini, na huwa naitafutia kitu cha kuandika hadi ipite.

Baada ya viroba kushindikana, tume iliazimia kwamba tatizo liko kwenye kifaa chenyewe. Koili ikafunguliwa na kuchukuliwa kwa uchunguzi wa kitaifa. Nyamizi alisaini hati ya makabidhiano huku akiuliza itarudi lini. Wakili Sifuni alimjibu kwamba neno lini halimo kwenye hati.

Sasa nifike mahali ninapoona aibu, ingawa nilipokuwapo sikuiona.

Uchunguzi wa kitaifa ulifanyika chini ya gari la Mheshimiwa. Yeye ana safari ndefu za kikazi, na malalamiko yake ya miaka yote ni kwamba pilau ya msafara hufika baridi. Fundi wa wizara aliifunga ile koili kwenye ekzosi ya gari lake, akapeleka hewa ya moto kwenye sanduku la bati nyuma ya kiti, na ndani ya sanduku likawekwa sufuria. Ilimradi injini inaunguruma, pilau inafuka. Ripoti ya uchunguzi, niliyoiandika mimi, ilisema kifaa kimethibitika kufaa kwa matumizi ya kiutumishi.

Nami niliila ile pilau. Tulisimama kando ya barabara, tukapakuliwa, nyama laini, mchele umechambuka, wa moto hadi ulimi unauma. Mheshimiwa alinipiga begani kwa kiganja chenye mafuta akasema, "Karani, hii ndiyo sayansi." Nikaomba niongezewe.

Wiki ya tano ilipowadia, serikali iliamua kuuzindua Mradi wa Joto la Taifa. Jukwaa lilijengwa juu mlimani, kando ya barabara ya hospitali, kilomita nne kabla ya lango lake. Utepe ulivutwa kukatiza barabara nzima, mweupe, mpana kama kanga. Palikuwa na bendi ya polisi, watoto wa shule waliokatazwa masomo ili wafurahi, na gari la Mheshimiwa limeegeshwa nyuma ya jukwaa injini ikiwaka, kwa sababu ya sufuria.

Saa nne asubuhi tulimwona Nyamizi akija mbio kutoka kwenye kona ya chini. Gari la wagonjwa, baada ya kuganda na kungojwa liyeyuke njia nzima tangu alfajiri, lilikuwa limesimama pale konani, hatua kama mia mbili, mota nyeupe kwa barafu kama jokofu la buchani. Kalunde alikuwa ndani. Uchungu ulikuwa umemwanza alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na mkunga wa zahanati alikuwa ameshasema hawezi, apelekwe juu akapasuliwe.

Nyamizi alinijia mimi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa na kalamu mkononi na uso wa mtu aliyesoma.

"Shikamoo, mzee. Mzee karani, naomba ile koili. Dakika kumi tu naifunga, tukifika hospitali naileta mwenyewe. Nakuapia."

"Marahaba. Tulia kwanza, binti yangu."

"Siwezi kutulia, mzee. Mdogo wangu yuko pale chini. Msikilize."

Nilimsikia. Upepo ulikuwa ukitujia kutoka bondeni, na sauti ya Kalunde ilikuja nao. Haikuwa ya kupiga kelele, ilikuwa ya mtu anayejizuia kwa adabu kwa sababu amesikia kuna wageni.

Niliandika: saa nne na dakika kumi, ombi la mdomo limepokelewa. Kisha nikapanda jukwaani, nikamnong'oneza Mheshimiwa.

"Koili ile?" alisema. "Lakini kuna chakula juu yake."

"Ni mama mjamzito, Mheshimiwa. Hali yake mbaya."

"Masikini. Mpe pole zangu. Mwambie aandike ombi, tusije tukaonekana tunapendelea." Akafikiri kidogo. "Na muulize kama ataweza kusubiri hadi baada ya chakula, maana pilau ikipoa mara moja hata ukiipasha haiwi ileile."

Hapo nilikuwa na njia. Ningeweza kumwambia Nyamizi gari lile pale, nenda kafungue, mimi sijaona. Badala yake nilifungua mkoba kutafuta fomu ya maombi ya kurejeshewa kifaa kilicho chini ya uchunguzi. Ilikuwa chini ya fomu nyingine. Nilipoipata, nikaona inataka picha mbili za pasipoti na muhuri wa mtendaji wa kata. Nikamweleza, kwa sauti nzuri, nikamwonyesha na mahali pa kusaini. Nyamizi aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaisoma yote. Aliisoma yote, jamani, huku mdogo wake akimwita kwa jina, kwa sababu bado alikuwa anaamini kwamba tukifuatwa vizuri tutafanya kitu. Niliandika: saa nne na dakika ishirini na tano, mwombaji amepewa fomu.

Wakati huohuo Mheshimiwa akasimama kuukata utepe, na bendi ikaanza Wimbo wa Taifa.

Wimbo wetu una beti kumi na tisa. Kila rais aliongeza wake na hakuna aliyethubutu kuupunguza wa mwenzake. Sheria ni kali: wimbo ukianza hakuna kusogea, si kichwa, si mguu, si kufukuza nzi. Mwenyekiti mmoja wa halmashauri aliwahi kuumwa na nyuki kwenye jicho katika ubeti wa tatu, akatulia hadi wa mwisho, na jicho lake lililokufa limepewa barabara yenye jina lake. Kwa hiyo tukakakamaa wote. Mheshimiwa na mkasi wake, wakili na suti yake, walinzi na bunduki zao, watoto wa shule, mimi na kalamu.

Nyamizi peke yake akasogea.

Aliiacha ile fomu idondoke. Akapita mbele ya walinzi sita waliokuwa wakimfuata kwa macho tu, akazunguka nyuma ya jukwaa, akaiona shaba yake chini ya gari la Mheshimiwa, akatoa spana kiunoni, akalala chini ya gari hilo. Injini ilikuwa inawaka na ekzosi ni ya moto. Tulisikia nati zikilia, na mara moja tulimsikia yeye, sauti fupi kupitia menoni. Ubeti wa sita ulipoanza alitoka akiwa ameikumbatia koili kwa kitenge chake, kitenge kikitoa moshi, na ngozi ya kiganja cha kulia imebaki kwenye shaba. Akakimbia nayo kuteremka hadi konani. Mheshimiwa, kiongozi shupavu, hakutikisika, ila machozi yalimtoka alipoona mvuke wa sanduku lake unakata.

Beti kumi na tisa huchukua dakika kumi na moja. Mabruki alikuwa kwenye usukani, mkunga yuko ndani na Kalunde, na Nyamizi alikuwa chini ya gari akifunga kwa vidole vilivyounguzwa. Ubeti wa kumi na tisa ulipokuwa unaelekea mwisho bado hajamaliza. Kiongozi wa bendi, Sajini Zahoro, mtu mfupi aliyebakiza miezi mitatu astaafu, ndiye pekee aliyeruhusiwa kusogeza mkono. Alitupa jicho konani. Akaona miguu ya Nyamizi imetokeza chini ya gari. Akainua kifimbo chake, akavuta pumzi, na bendi ikaanza tena ubeti wa kwanza.

Mlinzi mmoja alitoa mguno. Siku ile wimbo ulipigwa mara mbili kamili. Matarumbeta yalikuwa yametota mate na wapigaji midomo imewavimba, lakini hakuna aliyeacha.

Mara ya pili ilipokaribia mwisho, tukasikia ile injini ndogo, na mlio wa hewa. Gari likaja likipanda taratibu, halafu kwa kasi, likapita mbele ya jukwaa na kuukata utepe kwa pua yake. Mheshimiwa alibaki na mkasi hewani. Kwa ubeti mmoja na nusu alibaki hivyo, na utepe uliochanika ukimpigapiga usoni.

Kalunde alifika hospitali akiwa hai, akapasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa wa kike. Daktari alisema moyo wake ulikuwa ukipiga walipopokelewa mlangoni, ukasimama mezani. Alisema maneno ambayo madaktari huyasema bila kujua nani anasikiliza, kwamba wangemwahisha kama robo saa tu, angemtoa analia.

Redio ya taifa jioni ilitangaza kwamba Mheshimiwa amezindua Mradi wa Joto la Taifa kwa mafanikio makubwa. Sajini Zahoro alifukuzwa kazi bila kiinua mgongo, kwa uzalendo uliopitiliza.

Nyamizi alishtakiwa kwa makosa matatu: kusogea wakati wa Wimbo, kuzindua bila mamlaka, na kuiharibu pilau ya kiutumishi. Mahakama ilijaa. Niliitwa kama shahidi wa Jamhuri, nisome kumbukumbu. Nyamizi alikuwa kizimbani, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Hakuwa na wakili. Hakimu alipomuuliza kama ana swali kwa shahidi, alisema analo moja.

"Mzee karani, naomba usome zile saa tu."

Nikasoma. Saa nne na dakika kumi, ombi la mdomo limepokelewa. Saa nne na dakika ishirini na tano, mwombaji amepewa fomu.

"Ahsante," akasema. "Sina lingine."

Nilisubiri hakimu aitoe ile robo saa kwa akili yake, wala hesabu yenyewe si ngumu. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akanipongeza mbele ya wote kwa kutunza kumbukumbu kwa usahihi unaopaswa kuigwa na makarani wote nchini. Nikainama nikasema, "Nashukuru, mheshimiwa hakimu." Nilisema hivyo. Mdomo huu huu. Kisha akamhukumu Nyamizi miaka miwili.

Nilikusanya karatasi zangu nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikitaka kwenda kutapika mahali pasipo na watu. Kwenye korido nilikutana uso kwa uso na Kalunde. Alikuwa anatembea polepole, mkono mmoja umeshika tumbo pale penye nyuzi, na kanga yake imelowa kifuani kwa maziwa. Nikajibana ukutani. Nilidhani atanitemea mate, na kusema kweli nilimwombea anitemee.

Lakini yule ni mtoto aliyelelewa, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi. Aliinamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikamjibu.